Karavani ya Bi Ardith

Alikuwa ameketi kwenye meza ndogo ya kukunja, kofia kichwani, viganja vyote viwili vimelala juu ya meza kama mtu anayesubiri kuletewa sahani yake. Nilipofungua mlango wa karavani, upepo ulinisukuma na vumbi la barabara likaingia pamoja nami. Hakushtuka. Alinitazama kwa upole wa mwenyeji aliyezoea wageni.

"Tumefika?" akaniuliza.

Nilibaki na mguu mmoja kwenye kidato. Nyuma yangu Mjomba Harlan alikuwa amepiga magoti kando ya gurudumu, akigombana na nati.

"Umeona kilichohama?" akauliza. "Kabati au godoro?"

"Mjomba, njoo."

"Wewe niambie tu ni kitu gani."

"Ni mtu," nikasema.

Nilisikia spana ikiwekwa chini taratibu juu ya changarawe, kama kitu cha kioo.

Majira hayo nilikuwa nimetoka chuoni, na nilikuwa nimepata kazi yangu ya kwanza: kufundisha katika shule ya vyumba viwili huko ndani kabisa mwa nyanda za Montana, mahali ambapo hakuna nyumba ya kupanga kwa sababu hakuna nyumba. Mwenyekiti wa bodi ya shule aliniambia kwenye simu kwamba kazi ni yangu iwapo nitakuja na pa kulala. Alisema hivyo kwa wema, kama anayenikumbusha nisisahau koti. Kwa hiyo mjomba, ndugu wa mama yangu, ambaye hakuwa na mke wala mtoto wa kumsumbua, alinipakia kwenye pikapu yake twende kununua karavani iliyokwisha kutumika, nyumba ya magurudumu ambayo angeweza kuikokota mpaka uwanjani mwa shule.

Pikapu ile ilinizidi umri. Mlango wa upande wangu ulifungwa kwa kamba ya kufungia marobota ya nyasi, na kila tulipopanda kilima mjomba aliipapasa dashibodi kama anambembeleza punda. Nilipomwuliza kama itaweza kuvuta kitu chochote, aliniambia imekuwa ikivuta maneno yangu tangu asubuhi na bado inakwenda. Nilikuwa sijasema neno tangu asubuhi.

Bi Ardith, mwenye karavani, alikuwa mwanamke mrefu, mkavu, nywele zimebanwa kwa nyuma. Alituonyesha jiko, kitanda cha nyuma, mahali pa kujazia maji, akifungua na kufunga kila kitu bila kukisifia. Mume wake, mzee Orrin, alitufuata, akigusa kila alichokigusa mkewe. Alivaa shati lililopigwa pasi vizuri. Aliniuliza kama tunakwenda mbali. Nikamwambia ndiyo, mbali kidogo. "Vizuri," akasema, na baada ya muda akaniuliza tena.

Kwetu huwezi kununua hata kuku bila kunywa kahawa ya muuzaji. Mjomba na Bi Ardith walipeana mkono pale pale uani, biashara ikawa imekwisha, kisha tukaingia jikoni. Palikuwa na keki ya tufaha. Orrin alikunywa kahawa yake kwa pupa, akafuta mdomo, akatoka.

"Anapenda kuzunguka," Bi Ardith akasema. Alisimama mbele ya dirisha la sinki, ametugeuzia mgongo, akifuta sahani kwa kitambaa. Aliifuta sahani ile ile kwa muda mrefu. Nilidhani ana huzuni ya kuuza karavani yake, nikainamisha macho nisimwone.

Tulipokwisha kuunganisha karavani na pikapu na kufunga mnyororo wa usalama, nilitaka kuchungulia ndani mara ya mwisho. Mjomba alinishika kiwiko.

"Umeshaangalia," akaninong'oneza.

"Nataka kuona kama kabati zimefungwa."

"Umeshaangalia, Marit."

Nilimwelewa. Mkono ukishapeanwa, kufungua mlango tena na kuchungulia ni kumwambia mwenzako machoni kwamba humwamini. Watu wetu huko wamewahi kurudi nyumbani na ng'ombe kipofu badala ya kumkagua mara ya pili. Nikapanda, nikafunga mlango kwa kamba. Bi Ardith alikuwa amesimama barazani, kitambaa bado mkononi. Hakupunga.

Mwanzoni karavani ilitufuata kwa adabu. Tulipofika barabara kuu, mashamba ya ngano yakifunguka pande zote mbili, nikaona kwenye kioo cha pembeni mkia wake ukianza kucheza, kushoto, kulia, kushoto. Mjomba akasema ni upepo. Ikatulia. Kisha ikaanza tena, na safari hii niliihisi kwenye kiti, kama mtu ametushika kiunoni na kutuyumbisha. Mjomba hakusema tena upepo. Aliondoa mguu kwenye mafuta bila kukanyaga breki, vidole vyake vimekuwa vyeupe juu ya usukani.

"Uzito umekwenda nyuma," akasema. "Kuna kitu kimehama. Ikizidi hivi itatutupa mtaroni."

Tukasimama kando ya barabara. Mjomba alikwenda kukagua magurudumu, mimi nikaenda kufungua mlango.

Sasa mjomba alikuwa amesimama nyuma yangu, amevua kofia.

"Habari za mchana, Orrin," akasema.

"Harlan. Nani anaendesha?"

"Mimi."

"Unayumbisha mno."

"Nisamehe," mjomba akasema. Alikuwa mtu aliyewahi kuvunjika mguu akaendesha trekta mpaka nyumbani. Sasa alikwenda kando ya uzio, akashika nguzo, akakaa hivyo ameinama. Mimi nilimtazama Orrin na kuona picha ambayo haijaniacha mpaka leo: karavani ikiwa imelala ubavu mtaroni, mbao zake nyembamba zimepasuka kama sanduku la matunda, na sisi tukisimama juu yake tukihesabu hasara ya mali, bila kujua.

Tulimkalisha katikati yetu kwenye pikapu, tukageuza kurudi kwao. Kwenye kituo cha mafuta niliomba kumpigia Bi Ardith simu. Iliita. Ikaita mpaka msichana wa kaunta akaanza kunitazama. Nikakata, nikapiga tena, ikaita vile vile.

"Hayupo," nilimwambia mjomba. "Yuko nje anamtafuta."

"Atakuwa ameshaita majirani."

"Kuna bwawa la ng'ombe nyuma ya ghala lao. Nililiona."

"Najua kuna bwawa," mjomba akasema, na akaikamua ile pikapu mwendo ambao haikuwa nao.

Njia nzima nilikuwa na Bi Ardith mawazoni. Nilimwona akikimbia katika ngano akiita jina, nywele zimefunguka. Nilimwona akipiga magoti kwenye ukingo wa bwawa, akitumbukiza mikono katika maji ya matope. Nililia kimya, uso nimeugeuzia dirisha, kwa sababu ya mwanamke niliyemjua kwa kikombe kimoja cha kahawa. Orrin alikuwa na raha zake. Kila gari lililotupita aliliinulia kidole kimoja, kama wafanyavyo madereva wa huko, na alikuwa na neno kwa kila kitu: nyasi zimechelewa kukatwa, mawingu yale hayana mvua, nani aliyewauzia watu hawa pikapu kama hii.

"Mimi mwenyewe," mjomba akamjibu. "Nilijiuzia."

"Ulijiibia," Orrin akasema.

Tulipoingia uani kwao hapakuwa na gari la jirani hata moja. Hapakuwa na sauti inayoita. Kuku walikuwa wakiparua kivulini. Nikaruka chini kabla pikapu haijatulia, nikakimbia barazani, nikasukuma mlango wa wavu.

Bi Ardith alikuwa ameketi mezani. Vikombe vyetu vilikuwa pale pale tulipoviacha, changu na kahawa niliyoibakiza, imefanya utando juu. Kitambaa kilikuwa mapajani pake.

"Yuko salama, mama," nikasema kwa pumzi moja. "Alikuwa ndani ya karavani, hatukujua, tulipiga simu—"

"Niliisikia."

Nilidhani sikusikia vizuri. Mjomba aliingia nyuma yangu, akafunga mlango taratibu. Orrin alikuwa amebaki nje akiyapiga mateke magurudumu ya pikapu, moja baada ya jingine, kama fundi.

"Nilimwona akiingia," Bi Ardith akasema. Alikuwa akizungumza na meza. "Kila mchana huingia humo akakaa. Anadhani tunasafiri. Nami humwacha kwa saa nzima, kisha nakwenda kumwambia tumesharudi nyumbani, anashuka. Leo nilimwona kupitia dirisha. Nyinyi mlikuwa mnakula keki. Nikasema nitawaambia wakimaliza kahawa. Mkamaliza. Nikasema nitawaambia wakifunga mnyororo."

Jikoni mlikuwa na harufu ya mdalasini. Mtu niliyemlilia njia nzima hakuwapo. Alikuwapo huyu.

"Angekufa, Ardith," mjomba akasema.

"Najua."

"Huyu mtoto pia. Mimi pia."

"Najua, Harlan. Nilikaa hapa nikijua."

Nilijua mjomba alitaka kukasirika na hakupata pa kuanzia. Siku iliyofuata alifanya alichopaswa kufanya: alimtafuta binti yao kule Billings, akamweleza kila kitu bila kupunguza wala kuongeza, na binti akaja na kukaa. Mambo yakapangwa upya katika nyumba ile. Mimi niliishi katika karavani miaka mitatu, nikafundisha watoto wa wafugaji kusoma, na baadaye niliolewa, na baadaye zaidi nikamwuguza mama yangu mpaka akasahau jina langu. Nimekuwa na muda wa kutosha wa kumhukumu Bi Ardith. Sijafika popote.

Lakini hayo yalikuwa mbele. Mchana ule alinyanyua uso kwa mara ya kwanza, akanitazama mimi, si mjomba.

"Njiani," akasema, "aliniulizia?"

Mimi si mtu wa kusema uongo vizuri. Nilijaribu kuutafuta, nikaona jinsi anavyonisubiri.

"Hapana, mama."

Akatikisa kichwa polepole. Sikuweza kujua kama nilikuwa nimempa kitu au nimemnyang'anya.

Mlango wa wavu ukalia na Orrin akaingia, mashavu yamepata rangi kwa upepo, akavuta kiti chake bila kuuliza. Bi Ardith akasimama. Alikwenda penye jiko la kupikia, akarudi na birika, akammiminia mumewe kahawa. Mkono wake ulikuwa imara kabisa. Alimfunga kifungo cha shati kilichofunguka shingoni, akabaki amesimama kando yake.

"Haya," akamwambia. "Palikuwaje?"

"Pazuri," Orrin akasema. "Swala walivuka barabara mbele yetu, kundi zima, majike na watoto. Ningekuamsha, lakini ulilala kitandani njia nzima. Nilikuja kukufunika, hata hukugeuka."

Mjomba alitazama kofia yake. Nje pikapu ilikuwa ikipoa, chuma kikilia kidogo kidogo.

Bi Ardith akaliweka birika mezani.

"Nilikuwa nimechoka, Orrin," akasema.