Mzeituni Juu ya Kichuguu

Kila asubuhi mama yangu, Aïcha, humwagia mzeituni wa baba bidoni nzima ya maji, hata mvua ikiwa inanyesha. Majirani zetu hapa Kindu walimcheka miaka mingi, kisha wakachoka.

Baba yangu Sumaili aliupanda nyuma ya nyumba, kutoka kijiti alicholetewa na haji mmoja. Aliuweka juu ya kichuguu, kwa sababu udongo wetu haukauki. Mwaka 2002 vita viliufunga mji, chakula kikaisha. Baba akachukua kisu cha kuvunia mpunga, akaenda shambani kwetu, njia ya Kibombo. Ilikuwa Julai, jua kali, mche bado mdogo. Mlangoni akamwambia mama, "Usiuache na kiu mpaka nirudi."

Nilikuwa na miaka mitatu. Hakurudi, wala mwili haukuletwa. Kwa hiyo hatukukaa matanga, hatukusoma hitma. Mama alichota maji.

Mwaka huu majani yakawa manjano. Nikamwita Falone, jirani aliyesomea kilimo. Maji ya miaka yote hiyo yalikuwa yamekila kichuguu mpaka kikabaki kama sahani. Falone akachimba kwa kidole, akaninusisha mzizi. Ulinuka muhogo ulioloweshwa.

"Hii muti haina kiu, Fadhili. Maji njo inaiua. Kwao ni jua na mawe. Nani anaimwangia maji?"

"Mama."

"Mwambie aache. Ao anza kunoa panga, upate kuni."

Hasira zangu huwa karibu, mtaa mzima unajua. Siku hiyo nilizitafuta, sikuzikuta.

"Mama, Falone anasema maji inaua muti."

"Falone alikuwa mlangoni siku ile?"

"Hapana."

"Basi."

"Itakufa, mama."

Akaitazama bidoni yake. "Baba yako alisema mpaka arudi. Nikiacha, nitakuwa nimesema nini?"

"Kwamba hatarudi."

Akainyanyua bidoni. Akaenda kumwaga maji yake.

Kesho yake niliamka saa tisa usiku, kabla yake. Nikasomba changarawe na udongo wa kichuguu kingine, nikaung'oa taratibu mti wenyewe, uliodumaa usinipite kiuno, nikakata mizizi iliyooza, nikauinulia tuta refu, nikaupanda tena juu yake. Jua lilipotoka mama alikuwa nyuma yangu na bidoni.

"Unajenga kaburi?"

"Kichuguu, mama."

"Inafanana."

Alilizunguka tuta. Kisha akaiweka bidoni chini, akaketi kwenye jiwe, akatia udhu kwa maji yale. Uso, mikono, kichwa, miguu. Yaliyobaki akayamwaga mbali, upande wa choo.

"Umwambie shehe," alisema. "Hitma iwe Ijumaa."

Ijumaa ilisomwa. Watu walikula wali na sombe ya majani ya muhogo, wakaenda zao. Mama hakulia, wala mimi. Tuliosha sufuria.

Mzeituni umetoa majani mapya manne. Falone anasema unaweza kuishi, ila katika mvua za Kindu hautazaa kamwe. Nilimwambia mama. Akasema sawa.