Mvua ya Kioo Sebuleni kwa Gwakisa

Gwakisa mwenyewe ndiye aliyetaka. Wiki nzima alimganda binti yake Violet: jumuiya ikija kusali kwao Jumapili, baada ya chakula asimame awaeleze wageni ile sayari aliyoisoma shuleni, tena kwa Kiswahili. Pale Bowie, Marekani, watoto wa wenzake walijibu kila kitu kwa Kiingereza, naye alitaka watu waone wa kwake yuko tofauti. Violet, wa miaka kumi na miwili, aligoma, kisha akakubali. Kila jioni alijifungia na mama yake, Honorata, akimuuliza maneno.

Jumapili ikafika. Ndizi za nyama zikaliwa, na sahani zikiwa bado mapajani, Violet akasimama mbele ya televisheni.

"Shikamooni," akaanza. "Kuna sayari moja iko mbali sana. Mwanga wake unasafiri zaidi ya miaka sitini kabla ya kutufikia. Inaizidi hata Jupita kwa ukubwa, na haina ardhi, ni gesi tupu. Iko karibu mno na nyota yake, kwa hiyo ni moto kuliko tanuri. Rangi yake ni buluu, lakini siyo bahari. Wataalamu wanafikiri kule kunanyesha kioo, na upepo unaipeleka mvua kwa ubavu."

Wageni walitulia. Honorata alichezesha midomo pamoja naye.

"Na hewa yake inanuka kama mayai... mayai viza."

"Sasa hiyo ni sayari ama ni choo?" akadakia Mugo, fundi bomba asiyeishiwa utani. Watu wakacheka.

Kicheko kingeishia hapo. Lakini tangu ilipotajwa mvua ya kioo, Gwakisa alikuwa hatulii kitini. Aliogopa wenzake watasema mtoto anawadanganya na baba mtu anamwacha tu. Akaona bora awe upande wa wanaocheka.

"Nani alikwenda kunusa?" akapaza sauti. "Hata uongo una kiasi, mwanangu!"

Sebule ikalipuka. Kwa vile walicheka, akaongeza: "Na hicho Kiswahili, nadhani kimetoka sayari hiyohiyo!"

Mugo alicheka mpaka akaweka sahani chini. Violet akakaa.

Mutai, mhasibu katika kituo cha utafiti wa anga kule Greenbelt, hakucheka.

"Baba Violet, mtoto amesema ukweli. Hakuna mtu alienda kunusa. Sayari ikipita mbele ya nyota yake, mwanga unapenya kwa hewa yake, na kila gesi inaacha alama. Wanazisoma wakiwa huku huku. Si ungemwacha tu aongee?"

Gwakisa aliishia darasa la saba, akalea familia kwa kuezeka mapaa ya watu, na kutojua jambo hakukuwahi kumtia haya. Kilichomchoma ni kingine. Mtoto alijitesa vile kwa ajili yake, naye akamtupa ili amfurahishe Mugo.

Akasimama.

"Violet, nimekukosea mbele za watu hawa. Endelea, mama."

"It's fine, Dad."

"Malizia. Nakuomba."

Violet akatazama zulia. Honorata ndiye aliyejibu, bila kumwangalia mumewe.

"Sehemu iliyobaki ilikuwa inakuhusu wewe. Ametunga wewe umekwenda huko kuezeka. Na kwa kuwa mvua ile inakuja kwa ubavu, unaziezeka kuta."

Hakuna aliyecheka. Mutai akamwinamia msichana, akamuuliza kitu taratibu, kwa Kiingereza. Violet akanyanyua uso, akaanza kumsimulia yeye peke yake, kwa Kiingereza, harakaharaka, mikono ikichora nyumba hewani.

Gwakisa alibaki amesimama. Kiingereza cha kazini alikimudu, lakini hiki kilimpita kasi. Alidaka neno moja hapa, jingine pale. Hakuthubutu kumwomba arudie.