Majaruba Juu ya Ziwa

Jumatatu asubuhi Selina alikuwa amechutama kwenye majaruba yake ya vitunguu huko Mang'ola, akivunja mabonge ya samadi kwa mkono, wakati jirani yake Remigius alipoingia kwenye shamba lake mwenyewe, la pembeni, na ndoo ya urea. Remigius alirusha konzi baada ya konzi, kisha akafungulia maji ya zamu yake mpaka yakafurika. Maji yaliibeba mbolea yakarudi nayo mtoni, na mto ukaipeleka Ziwa Eyasi kama kawaida.

"Kaka Remigius, nusu ya mbolea yako inaliwa na ziwa."

"Ziwa nalo lishibe, dada."

Na lilikuwa limeshiba. Mwezi uliopita Selina alipeleka kwenye mkutano wa kijiji chupa mbili za maji ya ziwa. Moja alikuwa ameitia chembe za urea, na kwa wiki moja ilikuwa imegeuka kijani kama mlenda. Aliwaeleza kwamba majini kuna vimea vidogo visivyoonekana kwa macho. Vikipata mbolea huzaana kupita kiasi, vikifa huoza, na kuoza huko kunamaliza hewa ya samaki. Mkulima ni mmoja, walaji wa mbolea yake ni wengi. Mwenyekiti Tluway alimshukuru kwa chupa, akageukia ajenda ya mipaka ya mashamba, maana mafuriko yalikuwa yameng'oa vigingi vyote na watu walikuwa hawasalimiani.

Jumatano kijani cha ziwa kilijipanga. Kandokando ya ufukwe kila shamba la Mang'ola lilitokea juu ya maji kwa umbo lake, na matuta yake na mifereji yake. Aliyemwaga mbolea nyingi, lake lilikolea zaidi. Katikati samaki walielea matumbo juu. Watu walifika kwa bodaboda, kila mmoja akalitambua shamba lake, wakanunuliana soda.

Selina alifurahi mpaka akajionea haya. Sasa nani atabisha?

Hakuna aliyebisha. Mwenyekiti alitangaza kwamba mipaka itapimwa ziwani, kwa kuwa ziwa halina ndugu. Kamati ilipanda mtumbwi na futikamba, vitambaa puani, wakisukuma kambale waliokufa kwa kasia. Selina alikwenda nao. Walipofika mahali pa shamba lake palikuwa na maji maangavu matupu, kwani matete aliyoyaacha kati ya shamba lake na mto hayakupitisha mbolea. Perege watano walikuwa hapo, wakihema.

"Shamba langu ndilo hili," alisema.

"Lipi, mama?" Tluway aliuliza. "Sisi tunapima kinachoonekana."

"Mwenyekiti, mnaninyang'anya kwa sababu sijachafua?"

"Hakuna aliyesema umechafua, mama," Tluway alijibu kwa upole.

Ng'ambo ya maji yale shamba la Remigius lilikuwa limekolea vizuri, basi kamati ikalipanua juu ya mahali pa Selina hadi kwa jirani wa pili. Kigingi kilipigiliwa katikati ya perege, kikasimama wima juu ya maji.

"Tutapima tena mwakani," Tluway alimwambia wakishuka. "Weka mifuko miwili tu ya urea, na wewe utaonekana."

Selina alipofika shambani, Remigius alikuwa ameshafyeka matete yote hadi mtoni. Ndoo yake ilikuwa imekaa juu ya samadi ya Selina.