Mashine Iliyoganda Baada ya Misa

Mimi sina subira na mashine inayoganda. Binadamu akininunia nitambembeleza. Programu ikinyamaza, damu inanichemka. Na mashine ya kutotolesha vifaranga ya Ma Kokushubila, mjane wa kule Izigo, ilikuwa ikiganda kila asubuhi, huku mimi nimekaa ofisini mjini, Bakoba, nikitazama taarifa zake za joto zikikatika.

Kiini cha mfumo wake nilikiandika mwenyewe. Ndani yake kuna programu ndogo ya kuamka kila baada ya muda mfupi, kupima joto, kuwasha au kuzima taa za kupasha mayai na kulala tena. Lakini asubuhi ililala mpaka mchana, mayai yakapoa. Kundi la kwanza likawa viza, la pili likafuata. Mjane yule akanipigia na kusema, kwa upole uliouma kuliko matusi, kwamba mayai ya kundi hili la tatu yakiharibika atairudisha mashine na kuachana na kuku kabisa.

Mwenzangu Joanitha ndiye aliyeona ajabu moja.

"Wilbert, hebu tazama. Jumapili inachelewa kuganda."

"Kwa hiyo programu yangu inakwenda misa?"

"Labda. Wewe ndiye huendi."

Nikaenda Izigo nikalala huko. Ma Kokushubila alinishibisha ebitoke, ndizi za kupika, kabla hata sijafungua begi. Asubuhi nikakaa kando ya mashine, mambo shwari. Mama akarudi kutoka misa ya asubuhi, akavua viatu, akatazama skrini, akaguna, akaanza kubonyeza vitufe.

"Unafanya nini, Mama?"

"Nairekebisha, waitu. Kila usiku inakosea. Sasa ni saa mbili, yenyewe inasema nane."

Nilitaka kucheka, nikajizuia. Kumbe usiku mtandao uliirudisha saa kwenye nane zake za Kizungu, na asubuhi mama huyu mwaminifu akaivuta nyuma hadi mbili. Programu iliyoambiwa iamke ikifika nane na robo iliona kumbe bado ni mbili, ikajilalia zake. Taa zikabaki zimezimwa. Na Jumapili misa ni ndefu, ndiyo maana iliganda kwa kuchelewa.

Alinisoma usoni. Akaondoa kidole kwenye vitufe.

"Kumbe ni mimi niliyewaua vifaranga?"

"Hapana, Mama. Ni mimi."

Sikusema hivyo kumfariji. Saa hurudishwa nyuma na yeyote mwenye kidole, muda haurudi. Programu ilipaswa kuhesabu muda unaopita, si kuchungulia saa. "Ukishainjika ebitoke," nikamwambia, "hata ukirudisha saa nyuma, vinaendelea kuiva." Akatabasamu kidogo.

Nikakiandika upya kile kipande pale pale, kompyuta magotini. Kisha kwa ukaidi wangu nikaongeza jambo ambalo hakuna aliyeniagiza: skrini ionyeshe saa kama tunavyoitaja sisi.

Mayai yalipotimiza siku zake, simu ikaita nikiwa ofisini.

"Nimetoka misa," alisema Ma Kokushubila. "Mashine imesema saa mbili yenyewe. Sijaigusa."

"Na mayai?" Roho ilikuwa juu.

Akaisogeza simu kwenye mashine, nikasikia kelele nyembamba za vifaranga, wengi, wakigombana. Joanitha akaacha kazi yake akaja kusikiliza.

"Na hawa je?" sauti ya mama ikarudi. "Hawa nao ni wewe?"

"Hapana, Mama," nikasema. "Hawa ni wewe."