Kilo Tano za Arobaini

Miye Mwanamize, mkunga wa kituo cha afya hapa Msuka, sipendi mtu anikosoe daftari langu. Miaka ishirini na mbili nalijaza, kisanduku kitupu hukioni. Ndiyo maana Hafidh, mtaalamu wa takwimu anayechunguza dawa za wajawazito na uzito wa watoto, aliponipigia kunambia kwamba hesabu za mwanzo zaonesha waliotumia dawa ya pumu wamezaa watoto wepesi kwa nusu kilo, niliamini pale pale. Hesabu imetoka daftarini mwangu, itanidanganyaje?

"Lakini usimwambie mtu bado, Bi Mwanamize," alinisihi.

Ulimi hauna mfupa. Siku ile ile nikamwambia Asma, mtoto wa mdogo wangu, mwenye mimba ya miezi saba na pumu tangu utotoni. Akaitia dawa yake kabatini, asiivute tena.

Baada ya wiki mbili Hafidh akaja mwenyewe na kompyuta yake.

"Shikamoo Bi. Nimepitia mtoto mmoja mmoja. Mbona huku waliozaliwa nyumbani wanatoka na kilo nne na nusu, kilo tano? Wanazaliwa na meno?"

"We mtoto wee! Nani kakwambia? Mzazi hatoki ndani mpaka arobaini. Wakishatoka huniletea watoto, nami nawapima, naandika."

"Kwenye kisanduku gani?"

"Uzito wa kuzaliwa. Nikiache kitupu?"

Akanigeuzia kompyuta, na miye nikajisikia mwenyewe. Wanaotumia dawa huambiwa wazalie hapa kituoni, watoto wao hupimwa saa ile ile. Wasiotumia, wengi wao huzalia majumbani. Nilikuwa nashindanisha mtoto wa saa moja na mtoto aliyenyonya siku arobaini, kisha nikailaumu dawa. Haya ilinijaa mpaka masikioni.

Hafidh akawatoa hesabuni watoto wote waliopimwa baada ya arobaini, akapiga hesabu upya. "Waliobaki ni wachache, siwezi kuapa kwa yote," alisema. "Lakini ile nusu kilo haipo."

Sikungoja kumuaga. Nilimkuta Asma kajiinamia kitandani, mabega juu, pumzi zapiga mluzi. Wallahi nililia.

"Mwanangu, daktari hakukwambia uache dawa. Nilikwambia miye, na nilikosea. Iko wapi?"

Alinyoosha kidole kabatini, sauti haitoki. Akavuta dawa, na miye nimemshika mgongo, mpaka mluzi ukapungua. Kisha nikampeleka hospitali. Njia nzima alinipa kisogo, na nilistahiki.

Mwezi na nusu baadaye alizalia kituoni, mikononi mwangu. Mtoto wa kike, analia kwa hasira kama nyanya yake miye. Nikamweka kwenye mizani: kilo mbili na gramu mia nane. Nikasimama namtazama tu, namshukuru Mungu, kalamu nimeisahau sikioni.

Asma alikuwa hata jasho halijamkauka.

"Mama mkubwa," akaniita, "andika sasa hivi. Usingoje arobaini."