Kisu Kilichokataa Nguruwe

Asubuhi ile Lu Dagui, muuza nyama wa soko la kusini mjini Yangzhou, alimchinja nguruwe, akatenga mapaja na mbavu, akaenda kunawa mikono. Aliporudi, nguruwe alikuwa amesimama mzima juu ya meza, anadai chakula.

"Tena!" alisema Dagui. "Dada, mpe makapi huyu."

Dada yake, Jingxin, alimpa. Alikuwa mtawa wa Kibudha, aliyenyolewa kichwa na kuingia utawani tangu utotoni, mpaka amri ya Mfalme ilipofunga nyumba za watawa. Sasa alikuwa na nywele fupi zilizosimama kama mswaki, kodi ya kulipa serikalini, na kaka aliyechoka kumlisha. Nyumba yao ya utawa ilifanywa ghala la chumvi. Kengele yake iliyeyushwa ikawa sarafu. Sanamu la chuma la Guanyin, yule mtakatifu anayehurumia kila kiumbe, lilifuliwa likawa majembe na visu, maana serikali haitupi kitu.

Jingxin alikiosha kisu, kikatoa harufu ya ubani.

"Umekinunua wapi hiki, kaka?"

"Ghalani, kwa Qin. Bei ya kutupa. Rahisi ghali, ndiyo haya sasa."

Qin alikuwa msimamizi wa ghala hilo la chumvi, mgane, na mshenga wake alikwishafika mara kadhaa. Alimtaka Jingxin, na Dagui alikuwa karibu kukubali. Jingxin angerudi kulala katika nyumba alimokuwa akisali, ila kitandani mwa Qin, kando ya magunia. Wazo hilo lilimkata maini.

"Usinioze," alisema. "Nipe kisu hiki, niuze tofu pembeni mwa meza yako. Kodi yangu nitalipa mwenyewe."

Dagui alicheka. "Makubwa! Mwanamke anakataa mume, anaomba kisu!"

Kisha akamtazama nguruwe, aliyekuwa amemaliza makapi na kuanza kutafuna kamba. Kuishi na dada kungekuwa nafuu kuliko kuishi na kisu kile. Akampa dada kisu, akaenda kununua kingine. Nguruwe yule hawakumchinja tena. Ingekuwa aibu, baada ya kuzoeana naye hivyo.

Kisu hakikuwa na ugomvi na tofu. Ngoma ya kufungua soko ilipolia adhuhuri, wateja wa kwanza walikuwa watawa wenzake wa zamani: mmoja sasa dobi, mwingine mke wa mtu, mwingine yaya. Sheria iliwakataza kukusanyika. Haikuwakataza kupanga foleni. Walijipanga kama walivyokuwa wakijipanga kwenye sala, aliyetangulia kunyolewa mbele, aliyefuata nyuma yake, midomo ikichezacheza. Jingxin alikata polepole, na moyo wake ulikuwa mweupe.

Afisa wa soko alimwona kikongwe mkiani, nyuma ya msichana.

"Nyie hamna adabu? Mpisheni bibi!"

"Niache hapa hapa, baba," alisema kikongwe. "Mimi nilichelewa, niliingia baada ya kufiwa. Huyu binti alinyolewa kabla yangu."

Afisa alidhani walinyolewa kwa sababu ya chawa, akaenda zake.

Siku ya baridi kali Qin alikuja mwenyewe, amekumbatia bata bukini wa posa. Alipita moja kwa moja hadi mbele.

"Foleni, baba," alisema kikongwe. "Wewe ulinyolewa lini?"

"Mimi? Sijanyolewa."

"Basi nyuma yangu."

Qin alisimama nyuma yake na bukini wake. Zamu yake ilipofika, Jingxin alimkatia kipande kama wenzake. Alikila akiwa amesimama, akakisifu.

"Na jibu langu?"

"Siolewi, bwana Qin. Hapa niko kazini."

"Nitakuja tena kesho."

"Njoo," alisema kikongwe. "Ila hata ukija alfajiri, utasimama nyuma yangu."

Kesho yake alikuja bila bukini, akasimama nyuma ya kikongwe. Ng'ambo ya soko, kwenye ghala lililokuwa nyumba yao ya utawa, magunia mapya yalikuwa yakipokelewa, mlango ukilindwa na askari. Wanawake walisogea mbele taratibu, kila mmoja mahali pake.