Mbuzi wa Eladio

Vidonge vilimtuliza Eladio mikono iliyokuwa ikitetemeka kwa ugonjwa, ila daktari alimwonya kwamba dawa hiyo ikizidi kwenye ubongo, mtu huona visivyokuwepo. Ndiyo maana kwenye mchezo wa domino, kibarazani kwa Fefa katika mji wa Moca, akiona kitu cha ajabu huuliza kwanza.

Fefa alikuwa jikoni akichemsha kahawa. Cundo, rafiki wa Eladio aliyekuwa akicheza naye, alikuwa akimsema mkwewe, anayekoroma kama trekta.

"Cundo, nyuma yako kuna mbuzi?"

Cundo hakuinua hata macho. "Juzi bata mzinga, jana padri, leo mbuzi! Ni dawa hiyo, bwana wee. Cheza."

"Anatafuna kofia yako mpya, hiyo uliyoitundika kitini."

"Mwache ashibe, maskini."

Eladio akatii. Akacheza, akasikiliza bei ya ndizi ilivyopanda, huku akimtazama mbuzi akimaliza ukingo wa kofia na kuhamia kwenye utepe.

Fefa akatokea na kahawa, akapiga ukelele. Cundo akageuka, akamwona mbuzi.

"Eladio! Umekaa tu unamtazama?"

Eladio akaweka kete yake ya mwisho, mkono umetulia tuli.

"Nilikuwa nangoja ashibe."